Maneno Mepesi ya Muhidini

Nyamizi binti Ngassa aliolewa na mtu ambaye hakuna lililompata likawa kubwa. Upepo ukiezua bati, si kitu. Sufuria ya maharage ikiungulia siku ya gulio, si kitu. Ila hakusema "si kitu" kama wasemavyo wengine. Alisema kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Neva maindi." Ndiyo maana pale Nyahanga, Kahama, wengi hawakulijua jina lake la Muhidini Sabiti. Walimwita Neva, na hoteli yake ya chai na supu wakaiita Kwa Neva, ingawa ukutani mwenyewe alikuwa ameandika jina jingine kwa rangi ya bluu.

Kiingereza hicho alikipata Geita, kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu, alikokuwa mpishi kabla mgodi haujafungwa. Babu yake alitoka Ujiji na misafara, baba yake akazaliwa Tabora, yeye mwenyewe Kahama. Nyumbani kwao walisema Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Kiingereza kilikuwa cha kazini. Na hakukipata chote. Alipata kipande kimoja tu, na alipenda kusimulia alivyokipata.

"Mchana mmoja," alikuwa akisema, akifuta meza kwa kitambaa, "bwana mmoja Mzungu, fundi wa mitambo niliyekuwa nampikia, akaingia na mkono umefungwa shati. Damu inachuruzika mpaka kwenye kitambaa cha meza. Vidole viwili vimesagwa na kamba ya chuma! Mimi nikapiga ukelele. Yeye akavuta kiti, akaketi, akasema, 'Neva maindi, kuki,' yaani mimi mpishi, 'nathing siriasi.' Akaomba chai. Akainywa kwa mkono wa kushoto mpaka gari la kumpeleka hospitali likaja."

Hapo aliacha kufuta meza, aone kama msikilizaji ameelewa.

"Sisi mtu akichomwa na mwiba, mtaa mzima unajua. Mwenzetu vidole vinakatika, anaomba chai."

Mgodi ulipofungwa akarudi kwao na birika, visu viwili vizuri, na maneno yake ya Kizungu. Akafungua hoteli.

Nyamizi alikutana naye Samuye, kwao, kando ya barabara, alikokuwa akiuza kuku pamoja na mama yake. Muhidini alikuwa akija huko kununua kuku wa hoteli. Siku hiyo jogoo mmoja alifungua kamba miguuni akatoroka, Muhidini akamkimbilia, Nyamizi naye nyuma, wakazunguka uzio wa minyaa mara kadhaa huku watoto wakishangilia. Jogoo alikamatwa. Suruali ya Muhidini ilichanika kuanzia gotini hadi chini.

"Pole," alisema Nyamizi, akijizuia kucheka.

"Neva maindi."

"Ndilo jina lako?"

Muhidini akamtazama, akaitazama suruali yake, akasema, "Ukitaka liwe jina langu, basi ndilo."

Mzee Ngassa hakupendezwa upesi. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na huyu mkwe alikuja kwa basi amevaa kanzu na viatu vya kamba.

"Wewe mtu wa mjini," alimuuliza, "ng'ombe unawajua?"

"Nawajua wakiwa supu, mzee."

Wazee waliokuwapo waliinamisha vichwa, wakidhani kijana amekwisha kuharibu mambo. Lakini Ngassa alianza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na toka hapo hakukuwa na wa kumwambia lolote kuhusu mkwe wake. Mahari ilitolewa, ndoa ikafungwa Kahama kwa shehe, na Nyamizi akapewa jina la Zuwena, ambalo baada ya siku hiyo hakuna aliyelitumia isipokuwa shehe mwenyewe.

Alimpenda mumewe, na alipenda maneno yake. Mvua ya kwanza ya ndoa yao iliondoka na nusu ya paa, wakakaa chini ya meza ya hoteli wakiwa wamejifunika gunia, maji yanapita miguuni. Muhidini akatoa kichwa nje, akatazama mbingu pale palipokuwa na bati, akasema, "Neva maindi." Nyamizi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Naye akayachukua maneno hayo, akayasema kwa ulimi wa Kisukuma uliokuwa ukigeuza kila ra kuwa la, na hapakuwa na mteja pale hotelini ambaye hakutamani kumsikia akisema "nathing siliasi" mbele ya ndoo ya maziwa iliyomwagika. Hakujua maana yake kwa hakika. Alijua tu kwamba yakisemwa, mtu anainuka na kuchukua ufagio.

Mtoto alichelewa. Miaka ilipita, majirani wakaanza kuuliza kwa macho, halafu kwa midomo. Wanawake wenzake wote mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa Mama Hoteli. Kisha, mwaka ule wa sabini na mbili, tumbo likashika. Muhidini alimkataza kuinua hata kinu. Alimpikia mwenyewe, mtu ambaye kutwa nzima alikuwa amepikia watu.

Uchungu ulianza mapema na haukwenda vizuri. Mkunga wa mtaani alisema huyu apelekwe. Wakapata lori la pamba lililokuwa likielekea upande wenye hospitali ya misheni, Nyamizi akalazwa juu ya marobota, kichwa chake mapajani mwa mumewe. Alikumbuka vumbi. Alikumbuka taa. Baada ya hapo hakukumbuka kitu, na alipofumbua macho palikuwa mchana, mdomo wake umekauka kama ngozi, na Muhidini ameketi pembeni ya kitanda amevaa shati lile lile.

"Mtoto?" aliuliza.

Muhidini alimpa maji kwanza. "Alikuwa wa kike," alisema. "Alizaliwa ameshaondoka, Nyamizi. Tumekwisha kumsitiri."

Nyamizi aligeukia ukutani. Hakuuliza zaidi. Ni nani anayeuliza habari za mtoto aliyezaliwa amekufa?

Walirudi Nyahanga, na majirani wakaja kutoa pole. Wanawake waliingia ndani, wanaume walikaa kwenye mkeka barazani. Nyamizi alikuwa amelala, tumbo likimuuma, maziwa yakimtoka na kulowesha kanga pasipo mnyonyaji, na kupitia dirisha alimsikia mumewe akijibu kila pole kwa maneno ambayo hakuwahi kuyasikia kwake kabla.

"Dazint mata, jamani. Dazint mata."

Aliyasema polepole, kwa sauti ya chini, tofauti kabisa na yale mengine ya sufuria na mabati. Nyamizi alisikiliza, akaamini kwamba hiyo ni dua. Alidhani Wazungu wana neno lao la msibani, kama sisi tulivyo na letu la kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa, na mumewe alikuwa amelitunza kwa siku ya namna hii.

Akalichukua na hilo. Hakulisema mbele za watu. Alilisema peke yake, alipomwona mtoto wa rika la wake akifunzwa kutembea, au alipokunja kile kitambaa cheupe alichokuwa amekishona kofia ndogo. "Dazint mata, ng'wana wane," alinong'ona, mwanangu, na moyo ulitulia kidogo. Miaka mitano alimwombea mtoto wake hivyo.

Mimba nyingine haikuja. Daktari alikuwa amesema haitakuja.

Kaka yake Muhidini, Akida, alikuwa mfanyabiashara kule Runzewe. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, aliyependa kila jambo liishe kabla chai haijapoa. Siku moja baada ya mavuno alifika Nyahanga, akaketi sebuleni, akasubiri Nyamizi alete chai. Nyamizi alipogeuka kutoka, akalianza jambo lake bila hata kumngoja afike uani.

"Muhidini, mimi sikuja kumsema shemeji vibaya. Shemeji ni mke. Lakini umri unakwenda. Kuna binti wa rafiki yangu pale Runzewe, mtulivu, ameachika bila makosa. Dini inakuruhusu. Mtoto wenyewe mmoja mliyempata, ndiyo yakawa vile."

Nyamizi alisimama nyuma ya pazia na sinia mkononi. Alimsikia mumewe akihema.

"Dazint mata, kaka," alisema Muhidini. "Dazint mata."

"Maana yake nini?"

"Kunywa chai."

Lile jibu lilimkaa Nyamizi. Ikiwa ni dua, kwa nini asimwambie nduguye maana yake? Aliliwaza hilo akiosha vikombe, akaliwaza akichambua mchele. Asubuhi iliyofuata Mwalimu Euphrasia, aliyefundisha shule ya msingi jirani na ambaye kila siku alipita kununua maandazi kabla ya kengele, alikuta Mama Hoteli anamsubiri mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Wewe! Mimi ndiye nikuamkie wewe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nina neno la Kizungu nataka unifungulie. Dazint mata."

Euphrasia alicheka kwa upole; alidhani ni mchezo wa hoteli ile, uliojulikana mtaa mzima. "Hilo? Maana yake haidhuru. Yaani jambo halina uzito, si la kusumbukia. Ni kama ile neva maindi yenu, ila hii imezidi kidogo."

"Si neno la msibani?"

"Msibani?" Mwalimu alifikiri. "Hapana, mama. Msibani huwezi kulisema. Ungemwambia nani kwamba maiti wake si kitu?"

Nyamizi alimfungia maandazi kwenye gazeti. Mikono yake ilifanya kazi yote sawasawa. Mwalimu alipokwisha kuondoka, aliingia chumbani, akafunga kanga tatu na kitenge ndani ya shuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda stendi. Muhidini alipomtafuta amwambie chumvi imekwisha, basi la Shinyanga lilikuwa limeshapita Nyahanga, na mkewe alikuwa ndani yake.

Kule Samuye mama yake alimtazama usoni, akamsogezea bakuli la matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, na karanga. Hakula. Alishika jembe, akashika ndoo, akafanya kazi za nyumba ya wazazi wake kama msichana ambaye hajaolewa. Kilichokuwa kikimchoma si tu kwamba mumewe alisema mtoto wao si kitu. Kilichomchoma ni kwamba yeye, mama, kwa mdomo wake mwenyewe, alimwambia mwanawe hivyo hivyo kwa miaka mitano, tena kwa mapenzi.

Muhidini alifunga hoteli. Watu wa Nyahanga walistaajabu, maana hata mwaka wa njaa kubwa hakuifunga. Alishuka kwenye basi pale Samuye na sukari na majani ya chai ya wakwe, akamwamkia mzee Ngassa, akaketi alipoonyeshwa.

"Mkeo amekuja bila neno," alisema Ngassa. "Chakula hali. Sisi hatujamuuliza, maana hajarudishwa, amekuja mwenyewe. Muulize wewe. Yuko lamboni."

Lambo lilikuwa bondeni, maji yamepungua, ng'ombe wa watu wakinywa upande wa pili. Nyamizi alimwona mumewe akishuka na viatu vyake vya kamba kwenye udongo uliopasuka. Aliendelea kuteka maji.

"Hujambo, Nyamizi."

"Umekuja kuniambia nini? Lolote ulilo nalo, liseme kwa lugha ninayoijua."

"Nimekukosea nini?"

"Mwalimu amenifungulia neno lako. Dazint mata. Haidhuru! Mtoto wangu haidhuru. Uliwaambia watu wote waliokuja na pole zao, na juzi umemwambia kaka yako. Na mimi nilidhani ni dua. Nimekuwa nikimwambia mwanangu kila siku kwamba yeye si kitu. Umenifanya nimtukane mtoto wangu, Muhidini."

Muhidini aliketi chini, pale pale kwenye udongo, na kanzu yake nyeupe.

"Alilia," alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Alilia, Nyamizi. Hakuzaliwa amekufa."

Ndoo ilimtoka Nyamizi mkononi.

"Walinipa nimshike," Muhidini aliendelea, bila kuinua uso. "Wewe ulikuwa ndani, daktari anahangaika na damu yako. Sista alikuja akaniambia nijiandae, huenda nikazika wawili. Nikakaa na mtoto kwenye benchi la varanda. Alikuwa na nywele nyingi, nywele za kwenu. Alilia kidogo tu, kama paka mdogo, halafu akanyamaza, akanishika kidole. Jua lilipopanda, akaacha kuvuta pumzi. Hata sikujua ni wakati gani. Nilidhani amelala."

Nyamizi alikuwa amesimama, mikono yote miwili kichwani.

"Shehe wa pale akasema, akiwa alilia, ni mtu, ana jina na ana sala. Nikamwita Chausiku, kwa kuwa alikuja kabla hakujapambazuka. Nikamzika. Halafu nikarudi kitandani kwako. Ulipofumbua macho nikasema moyoni, huyu ametoka kaburini sasa hivi. Nikimwambia mwanawe alilia na hakuwapo kumsikia, atarudi huko huko. Nikasema alizaliwa hivyo. Nikajiambia nitamwambia akipata nguvu. Ukapata nguvu, nami nikaogopa. Mwaka ukapita, na wa pili. Jambo likawa kama mfupa kooni."

"Na yale maneno?"

"Watu walinipa pole. Kwa Kiswahili ningejibu nini? Nikifumbua mdomo kwa Kiswahili, kilichokuwa kinatoka ni kilio. Yale maneno hayana kitu ndani, Nyamizi. Ni mfuniko. Nilifunikia tu. Hata siku moja sikusema kwamba yeye si kitu."

"Miaka mitano!" alipiga kelele Nyamizi. "Ulininyima kilio cha mwanangu! Ulijua jina lake ukakaa nalo peke yako!" Akamwendea, akampiga mabegani kwa ngumi, kwa kanga iliyolowa, kwa chochote. Muhidini hakujikinga, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuwa na neno la kulifanya jambo dogo. Alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, mtu mzima na kanzu yake katikati ya tope. Wachungaji ng'ambo ya lambo walitazama, kisha mmoja wao akapiga mluzi, wakawaswaga ng'ombe taratibu kwenda kunywa upande wa mbali zaidi.

Ngumi zilipochoka, Nyamizi aliketi karibu yake. Si kwamba alimsamehe. Alikuwa na maswali.

"Macho alifungua?"

"Alifungua. Lile moja kwanza."

"Nani alimwosha?"

"Bibi mmoja wa Kimanyema aliyekuwa akiishi nyuma ya msikiti. Alimwimbia huku akimwosha. Akanambia, mwanao ana vidole virefu."

"Sanda?"

"Nilinunua, lakini alikuwa mdogo mno. Yule bibi akachukua upande wa ukaya wake, shela laini la kichwani, akamvika huo."

Waliendelea hivyo mpaka ng'ombe na wachungaji wote wakaondoka lamboni. Kesho yake Nyamizi aliuliza tena yale yale, na Muhidini akajibu tena yale yale, na kila alipojibu Nyamizi alihisi kitu kikiingia tumboni mwake kama uji baada ya kufunga. Siku ya tatu alikula. Mama yake aliposikia kwamba mjukuu wake alilia na ana jina, alilia kilio cha Kisukuma kilichowatoa majirani mashambani, na pale Samuye ukawekwa msiba, miaka mitano baadaye, watu wakaketi na kumlilia aliyestahili kuliliwa. Mzee Ngassa alichinja.

Hawakurudi Kahama moja kwa moja. Walikwenda kule kwenye hospitali. Kaburi lilikuwa pembeni ya makaburi ya Waislamu, na Nyamizi alishangaa kuona kwamba limepaliliwa, lina mawe yaliyopangwa vizuri. Muhidini alikiri kwamba kila alipoaga anakwenda kutafuta mchele wa bei nafuu, alikuwa akipitia hapa. Nyamizi alisita langoni. Alijua wanawake hawaendi makaburini. Shehe wa pale, ambaye sasa alikuwa mzee wa kuongozwa kwa fimbo, alimsikia akisita.

"Mazikoni hukuja, mama," alisema. "Ukija kumzuru mwanao, mimi nitakuzuia kwa kipi? Pita."

Akapita. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akasema na mtoto kwa Kisukuma. Alimwambia jina la bibi yake, na majina ya ng'ombe wa babu yake, na kwamba nyumbani kuna hoteli, na kwamba yale maneno aliyokuwa akimtumia ayatupe mbali, mama hakujua maana yake. Muhidini alisimama kando na kofia mkononi. Kisukuma chake kilikuwa cha sokoni, lakini hilo alilielewa lote.

Waliporudi Nyahanga, asubuhi ya kwanza bombani, jirani mmoja alimpokea: "Karibu, Mama Hoteli, ulitutupa!"

"Mimi ni Mama Chausiku," alisema Nyamizi. "Nilimzaa, aliishi asubuhi moja, akafariki. Niiteni kwa mwanangu."

Wanawake walitazamana. Kisha mkubwa wao akatua ndoo yake, akasema, "Pole, Mama Chausiku," na wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine.

Muhidini naye alikwenda Runzewe kwa nduguye. Alimweleza kwa Kiswahili tangu mwanzo, bila kuruka kitu, na akamaliza hivi: "Sitaki mke mwingine, kaka. Ninaye mke. Na mtoto ninaye, ametangulia." Akida alivua kofia yake akaigeuza geuza mikononi. "Nilikuwa na binti wa ndugu yangu," alisema, "na hakuna aliyeniambia." Tangu hapo kila alipokuja Kahama alileta ndizi, na kila mara alimwita shemeji yake kwa jina lake jipya, kwa sauti ile kubwa, mtaa wote usikie.

Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Kwa muda Nyamizi alikuwa akikaa vizuri, anacheka na wateja, halafu hasira inampanda bila taarifa, anamgeukia mumewe: "Alikushika kidole, ulisema. Kidole kipi?" Na Muhidini anaacha unga, anaonyesha kidole. Hata hivyo walizeeka pamoja. Ndugu yake Nyamizi aliwaletea binti yake, Paskalina, asome Kahama, naye akakaa kwao mpaka akaolewa.

Ikaja miaka ya uhaba, sukari haipatikani, sabuni haipatikani, hoteli ikauza uji wa mtama na supu ya maji. Wateja waliendelea kuja, zaidi kwa mazoea kuliko njaa. Walitegemea kumsikia Neva akiyadharau mambo hayo kwa Kizungu chake, na mara nyingine aliwaridhisha, kwa ajili ya kikombe kilichovunjika au nzi aliyeingia kwenye mchuzi. Lakini mke akiwa karibu, alipima kwanza.

Mwaka wa themanini na nne, wakati wa kupalilia, Muhidini alishika ubavu akiwa anakoroga sufuria. Mwiko ukaanguka. Nyamizi alitoka mbio uani. Alikuwa amemwona akiumwa mara nyingi maishani, na kila mara alilazimika kukisia, maana homa kali na mafua kwake vilikuwa na jina moja.

"Mama Chausiku," alisema Muhidini, jasho linamtoka. "Naumwa. Naumwa sana. Ubavu huu, na pumzi haishuki. Naogopa."

Nyamizi hakupoteza muda kukisia. Alimwita Paskalina, wakapata gari la mtu, na ndani ya saa chache daktari alikuwa akimsikiliza kifua. Ilikuwa nimonia. Daktari alisema wamemleta mapema. Wengi wa umri wake huletwa wakati hakuna la kufanya.

Alilazwa kwa majuma kadhaa, na hapo ndipo wauguzi walipokiona kioja. Mgonjwa yule alilalamika. Godoro lina bonde. Sindano ya asubuhi imeuma kuliko ya jana. Uji wa hospitali hauna chumvi wala sukari wala aibu. Jirani wa kitanda cha pili anakoroma. Alilalamika kwa Kiswahili kizuri cha Kahama, kirefu, chenye methali, kama mtu anayelipa deni la miaka yote. Muuguzi mmoja alimvuta Nyamizi kando, akamwuliza kwa heshima kama mzee huyu nyumbani pia yuko hivi.

"Mwache aseme, mwanangu," alijibu Nyamizi.

Akavuta kiti karibu na kitanda, akafunua bakuli la supu aliyoipika mwenyewe, akapuliza mvuke.

"Haya, Baba Chausiku. Ulikuwa umefikia wapi? Godoro."

"Godoro," alisema Muhidini, akajiinua kwenye mto, na akaanza upya.